Video Isiyopiga Hodi

Jioni moja nilikuwa nimekaa katika matanga ya jirani yetu, miongoni mwa wazee waliokuwa wakikaribia kuhitimisha kisomo, na kwa kuwa mzee mmoja katika wafiwa alitaka kujua boti ya asubuhi ya kwenda Unguja ingeng'oa nanga saa ngapi, nilitoa simu yangu nikafungua ukurasa wa gazeti moja ambalo huwa na ratiba za safari hizo. Ilani fulani ilikuwa imefunika maandishi. Nikaigusa kwa kidole ili niiondoe. Papo hapo, pembeni mwa ukurasa, ilianza video ya tangazo la biashara, yenye ngoma na vigelegele, kwa sauti iliyoijaza baraza nzima, hata msomaji akasita katikati ya dua na wazee wakageuza nyuso zao kunitazama. Nilitafuta pa kuinyamazisha nisipaone, nikaizima simu yenyewe. Lakini fedheha ilikuwa imekwisha kunifika, na usiku, nilipotazama salio la bando nililolinunua linitoshe siku tatu, niliona kwamba tangazo lile na mengine ya namna yake yalikuwa yakinila kidogo kidogo tangu zamani, bila ya mimi kutanabahi.

Katika desturi zetu mtu haingii nyumba ya mwenziwe ila kwa hodi, na akipiga hodi mara tatu asijibiwe, hurudi alikotoka bila kinyongo. Video inayoanza kucheza yenyewe imevunja adabu hiyo: imeingia bila idhini, imeketi kitini, imesema kwa sauti kuu mbele ya wageni, kisha imekula chakula kilichonunuliwa kwa fedha ya mwenye nyumba. Wengi wetu tukipatwa na hayo hulaumu mtandao, tukalaumu kampuni ya simu, tukalaumu zama. Lakini kila mtumiaji wa intaneti ana bawabu mlangoni pake, naye ni kivinjari, kiwe ni Chrome, Firefox, Safari au Edge, na bawabu asiyepewa amri na bwana wake aghalabu hufuata amri alizopewa na waliomtengeneza. Ushauri wangu katika makala haya ni juu ya amri hizo: jinsi ya kumwambia kivinjari ni video ipi ianze, ni ipi ingoje, ni ipi iteremke kwa ubora gani, na ni ipi ihifadhiwe.

Kabla ya kufika kwenye amri hizo, yatupasa kuondoa dhana moja ambayo imewatia hasara watu wengi, nayo ni dhana kwamba kutazama video ni jambo jingine na kuipakua ni jambo jingine. Neno kupakua tumelitoa bandarini na jikoni: shehena hupakuliwa chomboni, na wali hupakuliwa chunguni. Katika intaneti nako hakuna picha inayoonekana machoni pako ila imekwisha kupakuliwa kutoka kwenye kompyuta ya mbali na kuletwa katika simu yako. Tofauti iliyopo ni kwamba katika kile tunachokiita kupakua, shehena huwekwa ghalani ikakaa. Na katika kile tunachokiita kutazama moja kwa moja, shehena hupitishwa mbele ya macho kisha, aghalabu, hutupwa. Kwa hiyo mtu anayetazama somo moja mara tatu huenda amelilipia mara tatu, ilhali aliyelihifadhi mara moja amelilipia mara moja, hata akilitazama mara mia.

Gharama yenyewe huweza kupimwa, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mwendo wa mtandao huhesabiwa kwa biti, na bando huhesabiwa kwa baiti, na katika kila baiti 1 mna biti 8. Basi video inayoteremka kwa mwendo wa megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Kampuni ya Netflix imewaeleza wateja wake kwamba saa moja ya filamu hutumia hadi gigabaiti 0.3 katika ubora wa chini, hadi 0.7 katika ubora wa wastani, hadi 3 katika ubora wa juu, na hadi 7 katika ubora wa juu kabisa. Chukua bando la gigabaiti 1 ulipime kwa vipimo hivyo: katika ubora wa chini litakupa zaidi ya saa 3, katika ubora wa juu litakwisha kwa dakika 20, na katika ubora wa juu kabisa halitafika hata dakika 9. Filamu ni ile ile na maneno ni yale yale. Kilichozidi ni idadi ya nukta za picha, ambazo kioo kidogo cha simu mara nyingi hakina uwezo wa kuzionyesha zote.

Sababu ya watu kula ubora wasiouhitaji ni namna video za siku hizi zinavyosafirishwa. Zamani video ilikuwa faili moja zima, likiteremka tangu mwanzo hata mwisho. Tangu Apple ilipotoa utaratibu wake wa HLS mwaka 2009, na utaratibu wa DASH ukafuata kama kiwango cha kimataifa mwaka 2012, video nyingi hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande hutayarishwa kwa ubora wa namna mbalimbali. Kichezeshi kilichomo katika ukurasa hupima kasi ya mtandao wako, kisha, kwa kila kipande, hujichagulia ubora mkubwa kadiri njia inavyoruhusu. Utaratibu huu una manufaa yake, maana ndio unaoifanya picha iendelee bila kukwama mtandao unapodhoofika. Lakini kipimo chake ni upana wa njia, wala si uzito wa mfuko wa msafiri, na njia inapokuwa nyeupe hukupakulia shehena kubwa kuliko uliyoiagiza.

Wala si kila zama kivinjari kilikuwa na uwezo wa kukataa. YouTube ilipoanzishwa mwaka 2005, video zake zilichezeshwa na programu ya Flash, iliyopachikwa ndani ya kivinjari kama mgeni mwenye sheria zake, na mwenye nyumba hakuwa na nguvu juu yake ila kumfukuza moja kwa moja. Kiwango cha HTML5 kilipokamilishwa mwezi Oktoba 2014, video ikawa sehemu ya ukurasa wenyewe, na Flash ikaagwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Kati ya miaka hiyo miwili ndipo vivinjari vilipoanza kujitwalia mamlaka: Safari ilianza mwaka 2017 kwa kumpa mtumiaji hiari ya kuamua tovuti kwa tovuti, Chrome ikafuata mwezi Aprili 2018 kwa kuzuia video zenye sauti kujianzisha, na Firefox ikafanya vivyo hivyo mwezi Machi 2019. Hivyo ufunguo umo mkononi mwetu kwa miaka kadhaa sasa, na tatizo lililobaki ni kwamba wengi hatujui mlango upi unafunguliwa nao.

Nianze na Firefox, kwa sababu ndiyo inayompa mtumiaji amri zilizo wazi kupita wenzake. Katika kompyuta, fungua mipangilio, uende kwenye sehemu ya faragha na usalama, ushuke hadi kwenye orodha ya ruhusa, na hapo utaona neno Autoplay, maana yake kujichezesha. Ukibofya kitufe kilicho mkabala nalo utapewa hiari tatu: kuruhusu sauti na picha, kuzuia sauti peke yake, au kuzuia sauti pamoja na picha. Kivinjari hutoka kiwandani kikiwa kwenye hiari ya pili; nakushauri uchague ya tatu. Na kama iko tovuti ambayo ungependa video zake zianze bila kungoja, mathalan ya chuo unakosoma, alama ndogo iliyo mwanzoni mwa upau wa anwani itakuwezesha kuipa ruhusa hiyo peke yake, bila kuwafungulia wengine. Katika Firefox ya simu za Android imeongezwa hiari ya nne iliyo kana kwamba imetungwa kwa ajili yetu tunaonunua bando: kuzuia sauti na picha pale tu unapotumia data ya simu, na kuziacha unapokuwa katika waifai.

Chrome, ambayo ndiyo iliyomo katika simu nyingi za Android, ina mwenendo mwingine. Haikupi swichi ya kuzuia video zote, bali hujihukumia yenyewe: video isiyo na sauti huruhusiwa, yenye sauti huruhusiwa iwapo umekwisha kubofya au kugusa ukurasa, na katika kompyuta huruhusiwa pia iwapo historia yako inaonyesha kwamba umezoea kutazama video katika tovuti ile. Msomaji ataelewa sasa kilichonisibu matangani: mguso ule mmoja, niliougusa ili kuondoa ilani, ulihesabiwa kuwa ni neno la karibu. Unachoweza kufanya katika Chrome ni kuingia kwenye mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti, kisha sauti, na humo ukazima sauti kwa tovuti zote au kwa ile iliyokuudhi. Katika kompyuta njia iliyo fupi ni kubofya kwa kitufe cha kulia juu ya kichupo cha tovuti hiyo na kuamuru inyamaze. Watumiaji wa Safari katika kompyuta za Mac watakuta, ndani ya mipangilio ya tovuti, hiari tatu zinazokaribiana na za Firefox, na watumiaji wa Edge watakuta amri ya kujichezesha kwa midia miongoni mwa ruhusa za tovuti.

Yapasa niseme, ili msomaji asije akaona nimemdanganya, kwamba hata Firefox kwa desturi yake huuhesabu mguso kuwa ni idhini. Anayetumia kompyuta na anayetaka kufunga mwanya huo aandike about:config katika upau wa anwani, akubali onyo litakalotokea, atafute media.autoplay.blocking_policy, na abadilishe namba 0 iliyopo iwe 2. Tangu hapo video itadai kubofywa yenyewe, wala haitatosheka na kubofywa kwa kitu kingine. Mahali hapo ni chumba cha mitambo, na mwenye busara akiingia humo hugusa alichokijia tu, akatoka.

Hadhari nyingine ni juu ya ukimya. Watu wengi wakikwisha kuzima sauti huona kwamba wamemaliza kazi, ilhali video bubu hula bando sawasawa na ile inayopiga kelele, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wa video ni picha. Fauka ya hayo, ukurasa unaweza kumwambia kivinjari ateremshe sehemu ya video mapema, kama akiba, kabla hujabonyeza chochote, na kuzuia kujichezesha hakuzuii akiba hiyo daima. Kwa mtu ambaye kila megabaiti ina thamani kwake, programu jalizi ya uBlock Origin, inayopatikana bila malipo katika Firefox ya kompyuta na ya Android, ina amri ya kuzuia faili lolote la midia linalozidi kipimo ulichokiweka, na kipimo inachoanza nacho ni kilobaiti 50. Ukitaka kuliona faili lililozuiwa, hulifungua mwenyewe kwa hiari yako. Lakini magazeti na watunzi wengi huishi kwa matangazo, na insafu yataka kwamba tovuti inayotangaza kwa adabu tuiachie matangazo yake, tukazuia yale yanayotuvamia.

Baada ya mlango wa kivinjari uko mlango wa pili, nao ni kichezeshi chenyewe. Katika YouTube, alama ya gurudumu lenye meno hukupa orodha ya ubora, kuanzia mistari 144 ya picha, ukapanda hadi 240, 360, 480, 720, 1080 na zaidi. Mhadhara, mawaidha, mahojiano na kila video ambayo maneno ndiyo nyama yake hutazamika vizuri katika 144 au 240. Fundi anayejifunza kushona au kufungua injini atahitaji 480, ili aone mahali uzi unapopita. Na 1080 ibaki kwa mwenye kioo kikubwa na mtandao usiohesabiwa. Katika programu ya YouTube ya simu unaweza kuchagua uokoaji wa data uwe ndio kawaida, ili usilazimike kuteremsha ubora kila mara. Pia iko swichi inayoamua kama video nyingine ianze hii inapokwisha, nayo ni mbali na ile ya kivinjari. Izime, maana aliyelala akiitazama video moja huamka asubuhi amelipia video kumi. Facebook na X nazo zina mipangilio yao ya kuzuia video zisijichezeshe, na yeyote anayezitumia aitafute ndani ya akaunti yake.

Na atazamaye kwa kompyuta ajifunze herufi chache zitakazomwokolea muda katika YouTube: K husimamisha na kuendeleza, J hurudisha nyuma sekunde 10, L hupeleka mbele sekunde 10, na M hunyamazisha. Mimi mwenyewe ningalikuwa kwenye kompyuta siku ile, na video ile ikawa ya YouTube, herufi moja tu ingalinisitiri.

Sasa tuje kwenye kupakua kwa maana ya kuweka ghalani. Wapo wanaobofya kwa kitufe cha kulia juu ya video, wakatafuta amri ya kuihifadhi, na wasipoiona au ikileta faili lisilocheza hudhani kivinjari kimeharibika. Sababu ni ile ile ya vipande: pale ambapo video ni faili moja zima, amri ya kuhifadhi hufanya kazi, pale ambapo imekatwa vipande, hakuna faili moja la kuhifadhi, na kivinjari peke yake hakina la kufanya. Basi mahali pa kwanza pa kutazama ni kama mwenye video ameweka kitufe chake cha kupakua. Internet Archive, maktaba iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, imeweka filamu na hotuba nyingi zinazopakuliwa bila malipo. Wikimedia Commons kadhalika. Na Vimeo huonyesha kitufe hicho pale mtunzi aliporidhia. Programu ya YouTube huhifadhi video kwa ajili ya kutazamwa bila mtandao, kwa masharti yake, lakini sheria za matumizi yake haziruhusu kupakua kwa njia isiyotolewa nayo.

Nalisema hilo kwa moyo wote, kwa sababu hodi tunayoidai kwa video tunadaiwa na sisi pia. Msanii wa taarabu, mwalimu anayerekodi masomo ya hisabati, na kijana anayetengeneza filamu kwa mkopo, wote wana nyumba zao, na kazi zao ndizo vyombo vilivyomo humo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ni ya mwaka 1999, na ile ya Kenya ni ya mwaka 2001. Lakini hata pasipo sheria, asiyependa kuingiliwa bila idhini ana haya ya kuwaingilia wengine. Tafuta kazi zilizotolewa kwa leseni ya Creative Commons, omba ruhusa kwa mwenye kazi, au tumia njia aliyoifungua yeye mwenyewe.

Ukipata video iliyoruhusiwa, ipakue pale data inapokuwa rahisi, kama vile katika waifai ya chuo au usiku ikiwa bando lako la usiku ni nafuu, kisha uitazame wakati wowote. Mtandao ukikatika katikati usifute faili lililobaki nusu, lile ambalo Chrome hulitia mwisho wa crdownload na Firefox hulitia mwisho wa part, kwa sababu pale kompyuta ya mbali inapokubali kuombwa sehemu ya faili, kivinjari huendelea kutoka kilipoachia, na ulicholipia hakipotei. Katika mipangilio ya kivinjari, chagua kuulizwa kila mara faili liwekwe wapi, ili usije ukapakua kitu kile kile mara mbili kwa kutokiona. Na uwe na hadhari na kurasa zilizojaa vitufe vikubwa vya rangi vinavyokuita kupakua: faili la video aghalabu huishia na mp4 au webm, likija linaloishia na exe au apk, hiyo si video bali ni programu, na huenda ni mwizi aliyevaa nguo za mgeni. Lifute bila kulifungua.

Usiku ule baada ya matanga niliketi na simu yangu nikayafanya haya kwa taratibu: niliweka Firefox, nikachagua kuzuia sauti na picha, nikaongeza uBlock Origin, nikashusha ubora katika YouTube na kuizima ile swichi ya video inayofuata. Kazi yote haikuzidi muda wa kuchemsha birika la chai. Siku ya arubaini nilialikwa tena katika baraza ile ile, na mzee yule yule akaniuliza habari za boti. Niliufungua ukurasa wa gazeti mbele yake, kwa hofu kidogo, nikiri. Maandishi yalikuja, ratiba ikaonekana, na pale pembeni ilipokuwa ikipigwa ngoma pakawa na kisanduku kitupu, kimya, kikingoja niseme karibu. Sikusema. Nilimsomea mzee saa ya kuondoka, akanishukuru, na kisomo kikaanza.